Gari Lililozimika kwa Kutunzwa Sana

Ubovu wa gari la Baba Devota uligharimu pampu moja ya mafuta, plagi nne, koili moja, vichujio viwili, na jogoo mwekundu aliyeliwa na fundi wa Songea kabla hajakiri kwamba ameshindwa. Nimepiga hesabu hiyo mara mbili, na mara zote mbili nimefika pale pale: vitu vyote tulivyovitoa kwenye gari lile vilikuwa vizima. Hata jogoo alikuwa mzima.

Nawaandikia ninyi vijana mnaofungua gereji siku hizi hapa Mbinga, mnaochomeka kidude kwenye gari na simu ikawaambia linaumwa wapi. Mtanicheka. Chekeni tu. Mgongo wangu umeshakataa kulala chini ya gari, na kicheko cha bure sijawahi kukikataa.

Sisi tulianza kazi wakati spea ni hadithi. Gasketi tulikata kwenye boksi la sabuni, tukaichovya kwenye oili, tukafunga na kuomba Mungu. Kisha ikaja miaka ya soko huria, maduka yakafurika. Boksi zuri, maandishi yanang'aa, ndani takataka. Hapo ndipo nilipojifunza kununua. Namwambia muuzaji anipe ile ya bei ghali na ile ya bei rahisi, nazishika moja kila mkono, halafu namuuliza: "Ndugu yangu, gari lingekuwa lako ungefunga ipi?" Akijibu haraka, anadanganya. Akijikuna kichwa, nanunua ile anayoitazama. Njia hiyo imenidanganya mara chache kuliko macho yangu mwenyewe.

Aliyenifundisha ufundi ni Mzee Nombo. Alikuwa fundi wa malori ya ushirika mpaka malori yakaisha, akabaki na spana zake na kovu la moto wa kulehemu mkononi. Alifundisha kwa maneno machache. Siku moja nilichanganya waya za plagi kwenye lori la mtu, nikawasha, lori likapiga mshindo katikati ya soko. Wanawake waliacha ndizi zao wakakimbia. Karani mmoja wa wanunuzi wa kahawa alilala kifudifudi na kalamu yake sikioni. Mzee Nombo hakunigusa. Alinipa zile waya mkononi, akanituma nizunguke kila kibanda nikaombe radhi, mmoja mmoja, nikiwa nimezishika. Ukinizindua usingizini leo ukaniuliza mpangilio wa moto wa injini ya silinda nne, nitakujibu kabla sijafumbua macho.

Neno lake jingine lilikuwa hili: "Mteja usimuulize gari lina nini. Angejua asingekuja kwako. Muulize analitunzaje." Nililisikia, nikaliweka kando. Nilidhani ni maneno ya mzee anayetafuta pa kukaa ili apumzike kidogo.

Sasa Baba Devota. Alikuwa mkulima wa kahawa njia ya kwenda Litembo, mtu mfupi, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Wanunuzi binafsi walipoanza kushindana, yeye alikuwa na kahawa nzuri na kichwa kigumu. Aliwakatalia wa kwanza, akawakatalia wa pili, akamuuzia wa tatu. Kwa fedha kama ile wenzake walinunua redio, ng'ombe, na mambo mengine ambayo siyaandiki hapa. Yeye alikwenda Dar es Salaam na basi, akarudi akiendesha gari dogo jeupe la Kijapani, lililotumika lakini halijachoka, injini ya kabureta, milango minne, kiti cha nyuma cha watu wawili na nusu.

Jamani, gari lile lilitunzwa! Nimeona watoto wachanga waliotunzwa kidogo kuliko hapo. Kila asubuhi alipima oili kabla ya kunywa chai. Alilifuta kwa kitambaa laini kuanzia paa kushuka chini, kamwe si kuanzia chini kupanda. Usiku lilifunikwa blanketi. Oili ilibadilishwa kabla ya wakati wake, na ile oili ya zamani ilikuwa bado safi kiasi kwamba mimi niliinunua nikawauzia wenye mashine za kusaga. Ukipanda, unavua viatu, unavipakata. Nimewaona watu wazima, mmoja wao katekista, wamekaa kwenye gari lile na viatu mapajani kama wamebeba kuku.

Na tenki la mafuta lilikuwa na kifuniko cha ufunguo. Ufunguo ule ulining'inia shingoni mwake pamoja na rozari. Alisema waziwazi, mbele yangu: "Mafundi wote mnanyonya petroli." Sikukasirika. Nilikuwa nawajua mafundi.

Basi gari hilo lenye kutunzwa hivyo likaanza kuzimika. Si kukohoa, si kutetemeka, si kutoa moshi. Linakwenda vizuri, ghafla kimya, kama redio iliyochomolewa betri. Ukikaa kando ya barabara muda wa kutosha kuchoma mhindi na kuula, linawaka kama vile halijafanya kosa lolote. Hapa mjini, kwenda sokoni na kanisani, halikuzima hata siku moja. Ukilitoa safari ndefu, linakufa. Na jambo lililotuchanganya kabisa ni kwamba kadiri alivyojaza tenki ndivyo lilivyozimika mapema. Nani amewahi kusikia mnyama anayezimia kwa shibe?

Nilibadilisha plagi. Nikabadilisha koili na vichujio viwili. Fundi wa Songea akaletwa, akalipwa, akachinjiwa, akasema ni pampu. Pampu mpya ikafungwa, nami nilikwenda kuinunua mwenyewe kwa ule mtindo wangu wa mikono miwili. Gari likaenda mpaka karibu na Kigonsera, likazima.

Mkewe, Mama Devota, alikuwa ametazama yote hayo kwa miezi bila kusema neno. Yeye ni mtu wa Liuli, wa ziwani, mwana wa Anglikana aliyeolewa na Mkatoliki wa milimani. Tangu aolewe alikuwa akienda kwao juu ya lori, amekaa kwenye magunia ya mahindi, anashuka Mbamba Bay mweupe kwa vumbi, kisha anatafuta njia ya kumalizia mpaka Liuli. Gari lilipofika nyumbani mumewe alimwambia mbele ya watu: "Mama Devota, hii ndiyo miguu yako ya kwenda kwenu." Mwaka ukapita, miguu haikufika hata nusu ya njia. Mama yake Liuli alikuwa amezeeka, na kila mtu aliyetoka ziwani alileta salamu ile ile: anauliza, mbona simuoni?

Ndipo mama huyo akasema. Alikuja na mumewe gereji kwangu, akasimama.

"Fundi, shikamoo hainihusu leo, mimi ni mkubwa kwako. Nataka kusema mbele yako ili uwe shahidi. Jumamosi tunakwenda Liuli na gari hili, nawe unakuja nalo. Likifika, sitasema tena. Lisipofika Liuli, anauziwa Shaibu, nami nitarudi kwenye lori langu. Lori ni chafu, lakini linafika."

Baba Devota alitazama kofia yake, ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa mkononi. "Nimekubali," akasema, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Shaibu alikuwa mfanyabiashara wa bati. Alikuwa na pikapu. Anashusha bati ziwani, anapandisha dagaa. Mtu mcheshi, mwembamba, hawezi kuona kitu bila kukitajia bei. Kwa kuwa bati ndizo alizokuwa nazo, kila kitu alikipimia kwa bati. Alikuwa ameshasema gari lile atalichukua kwa bati mia mbili, bila kuuliza maswali. Na Jumamosi ile, kwa bahati ambayo aliitengeneza mwenyewe, naye alikuwa anakwenda Liuli. Akatufuata nyuma.

Tukaondoka. Baba Devota usukani, mimi kando yake na viatu vyangu mapajani, Mama Devota nyuma na kikapu cha maharage, kilo kadhaa za unga na kitenge kipya cha mama yake. Tenki lilikuwa limejaa pomoni. Alilijaza mwenyewe alfajiri, peke yake, stoo ikiwa imefungwa kwa ndani. Gari likaimba. Tulipita mashamba ya ngoro, yale mashimo yaliyopangwa mlimani kama trei za mayai, na Baba Devota akaanza kupiga mluzi. Tulimaliza mlima wa kwanza. Mluzi ukakatika, na injini nayo.

Nilishuka, nikafungua boneti. Kabureta kavu. Petroli haiji. Nikachomoa bomba linalotoka kwenye tenki, nikalipuliza kwa mdomo kwa nguvu zangu zote, nikarudisha, tukawasha. Likawaka.

"Uchafu kwenye bomba!" nikatangaza. "Umetoka. Kwisha kazi."

Pikapu ikasimama kando yetu. Shaibu akatoa kichwa dirishani. "Poleni sana, wazee wangu. Bati mia moja na hamsini."

"Wewe endesha lako!" Baba Devota akamwambia.

Lilikwenda vizuri, milima ikaanza kushuka, hewa ikaanza kupata joto. Pale unapoanza kuliona ziwa kwa mara ya kwanza, bluu mpaka linafanana na mbingu iliyolala, Mama Devota alikuwa ameshaanza kusema, "Tazama, fundi, kule ndiko…" Kimya. Gari likasimama lenyewe, kama vile nalo limeamua kutazama ziwa.

Nikashuka. Nikachomoa bomba, nikapuliza. Midomo yangu ilikuwa na ladha ya petroli, na macho yalitoa machozi.

"Fundi," Mama Devota akaniita kutoka kiti cha nyuma, "unalitengeneza au unalibusu?"

"Mama, ni uchafu, umebaki kidogo."

"Uchafu unatoka wapi? Gari hili ni safi kuliko sahani zangu."

Mtu wa tatu akajibu. "Bati mia moja," alisema Shaibu, safari hii akiwa ameshuka kabisa, anakula karanga. "Na sasa hivi nawahurumia. Kule chini kuna joto, hazitafika tisini."

Kwa kweli, vijana, mpaka hapo nilikuwa na wasiwasi. Mzee aliye kando yangu hakuwa anapoteza gari tu. Alikuwa amesema neno mbele ya watu, na neno lile lilikuwa linazimika kila mlima. Hakupiga mluzi tena. Alishika usukani kwa mikono miwili na kuliendesha gari kwa upole, kama unavyomtembeza mgonjwa.

Tukapita Mbamba Bay. Tukashika njia ya Liuli, ufukweni, mchanga huku, mihogo kule, wavu umeanikwa kila penye kivuli. Watoto walikimbia kando ya gari wakipiga kelele. Mama Devota aliteremsha kioo, akaanza kusalimiana na watu kwa Kinyasa kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia Mbinga. Milimani alikuwa mtu mpole, huku alikuwa mtu wa kwao. Alikuwa anacheka. Na gari, katikati ya kicheko chake, likazima.

Tulisikia ziwa tu. Kisha tukasikia pikapu.

"Sitataja bei," Shaibu akasema, kwa heshima kubwa iliyokuwa mbaya kuliko bei. "Nitakaa hapa kivulini. Mkinihitaji mniite."

Nikafungua boneti. Nilikuwa nimechoka, jua limenipiga kichwani, pumzi za kupuliza zimeniishia. Nikachomoa bomba, nikaliweka mdomoni, na kabla sijapuliza nikapumzika kidogo. Bomba likaniuma. Ndiyo, hivyo hivyo. Lilininasa mdomo wa chini likaushikilia, likawa linaunyonya, mpaka nikalivuta kwa kidole likaachia.

Nikasimama nikilitazama bomba lile. Bomba la mafuta kazi yake ni kutoa. Hili lilikuwa linavuta.

Hapo ndipo Mzee Nombo, Mungu amrehemu, aliponijia kichwani na spana zake zote. Nikafunga boneti. Nikaenda nikakaa kwenye mchanga kando ya Baba Devota, kama mtu asiye na haraka.

"Baba Devota, hebu niambie. Unalitunzaje gari lako?"

Alinitazama kama vile nimemuuliza kama anaamini Mungu. "Wewe umeona. Oili napima kila siku. Maji natia ya mvua, si ya kisima, kisima kina chumvi. Betri naipaka mafuta ya mgando kwenye vichwa. Matairi nayazungusha, la mbele nyuma, la nyuma mbele. Blanketi. Kitambaa…"

"Na kingine?"

"Viatu wanavua."

"Na kingine?"

Akaanza kuchora kwenye mchanga kwa kidole.

"Mwambie na lile la mdomo," Mama Devota akasema kutoka garini.

"Hilo ni jambo la kahawa, si la gari."

"Mdomo gani?" nikauliza.

"Pale anapomwagia petroli," akasema mkewe. "Amepafunga nailoni, kama vile kibuyu cha togwa."

Mambo yalikuwa hivi. Baba Devota hakuwa na nyumba mbili. Gari lililala kwenye stoo, na stoo ndiyo ilikuwa na kahawa yake ya maganda, imekaushwa, imesubiri bei. Ninyi mliozaliwa kwenye kahawa mnajua kwamba kahawa kavu ina pua. Inavuta kila harufu iliyo karibu, ya samaki, ya moshi, ya mafuta ya taa. Msimu uliopita mnunuzi alichota mkono mmoja, akanusa, akatafuna punje, akatema, akasema: "Mzee, kahawa hii imelala na petroli." Akaishusha daraja papo hapo, mbele ya majirani. Baba Devota alirudi nyumbani, akachukua nailoni nene, akaikunja mara mbili, akaifunga juu ya mdomo wa tenki kwa mpira wa baiskeli, raundi nyingi, mpaka harufu ikakata kabisa. Kisha akafunga kifuniko juu yake, akazungusha ufunguo, akautundika shingoni. Kila alipojaza mafuta aliifungua peke yake na kuifunga tena, nailoni mpya. Tangu hapo kahawa yake ikanuka kahawa tu. Alijivunia sana kazi ile, na hakumwambia mtu, asije jirani akamwiga.

"Baba Devota, nipe ufunguo."

"Fundi na tenki? Hapana. Nitafungua mwenyewe tukifika."

"Hatufiki!"

Mama Devota alishuka garini. Akamwendea mumewe, akamvua rozari shingoni pamoja na ufunguo wake, taratibu, bila kumkwaruza sikio. "Tutasali baadaye," akasema, akanipa.

Nikafungua kifuniko. Nailoni haikuwa imelala bapa. Ilikuwa imevutwa ndani, imebonyea kama tumbo la mtu aliyeshinda njaa wiki nzima. Nikaukata mpira.

Fyuuuuuu!

Tuliisikia wote. Hata Shaibu aliacha kutafuna. Gari lile lilivuta hewa kwa muda mrefu, mfululizo, kama mtu aliyezamishwa ziwani akaibuka. Bati la tenki likagonga *dum*, likarudi kwenye umbo lake.

Niwaeleze kwa ufupi wale ambao hamjawahi kukutana nalo. Chukua chupa ya soda, ibane kwa midomo yako yote, unywe bila kuachia hewa iingie. Utavuta kidogo, kisha haitoki tena. Tenki ni chupa. Pampu ikinyonya, lazima hewa iingie nyuma kujaza nafasi, na hewa hiyo ilipita kwenye kifuniko, kwa tundu dogo kuliko punje ya mtama. Ukiliziba, pampu inashindana na tenki zima, na tenki linashinda. Ukikaa kando ya barabara, hewa inapenya polepole, gari linawaka. Ukijaza pomoni, nafasi ya hewa ni ndogo, linakufa mapema. Na mimi kila nilipopuliza bomba nilikuwa nalipatia tenki pumzi zangu mwenyewe. Nimefika njia ya Liuli gari likitumia mapafu yangu.

Baba Devota aliketi palepale mchangani. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikageuka pembeni kumstahi. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Mimi," akasema, "mimi mwenyewe! Nimelikaba!"

"Umelikaba kwa upendo," mkewe akasema, naye akaanza kucheka, na hapo watoto wote waliotukusanyikia wakacheka bila kujua kwa nini.

Tukawasha. Likawaka mara moja. Shaibu akaja mbio, kwa mara ya kwanza akiwa na haraka. "Baba Devota, subiri. Bati mia tatu. Na misumari juu."

"Shaibu," Mama Devota akamjibu kupitia dirishani, "makubaliano ni lisipofika Liuli. Liuli ni kule. Tufuate uone."

Akatufuata akipiga honi njia nzima. Baba Devota alipiga mluzi mpaka tulipofika. Kifuniko kilikuwa mahali pake, nailoni iko mfukoni mwangu, na gari halikutetereka hata kidogo. Shaibu, ambaye hawezi kushindwa bila kutafuta faida, alitupita penye nyumba za mwanzo, akatutangulia, akaingia uwanjani kwa mama mkwe akitangaza: "Bibi, hodi! Gari la mkweo linakuja, mimi ndiye niliyelisindikiza kutoka Mbinga!" Akakaribishwa, akapewa samaki mzima wa kuchoma, mbasa wa ziwani. Sisi tulipofika alikuwa ameshafika mkiani.

Yule bibi alitoka nje akishika ukuta. Alikuwa mdogo kama mtoto wa darasa la tatu. Mwanawe alimshika mikono yote miwili, wakabaki hivyo, wanasema maneno ya Kinyasa ambayo sikuyaelewa na sikuhitaji. Kisha bibi akaliendea gari, akaligusa boneti, lilikuwa la moto, akavuta mkono akacheka.

"Nipandisheni," akasema.

"Mama, viatu…" Baba Devota akaanza, kwa mazoea.

"Viatu vyangu viko wapi? Mimi niko peku tangu nizaliwe."

Tukampandisha. Alizungushwa Liuli yote, mpaka kanisani, mpaka hospitali, mpaka kwa kila adui wake wa zamani, na kila penye mtu aliagiza tupunguze mwendo.

Kahawa? Mama Devota alilimaliza hilo siku tuliyorudi. Kahawa ilihamia chumbani kwao, magunia yamepangwa mpaka chini ya kitanda, na gari likabaki stoo peke yake likipumua litakavyo. Baba Devota alilalamika kwamba analala kama panya. Malipo yangu nayo yalikuwa na mjadala wake. "Fundi," alisema, "kwa kuwa hakuna kilichokuwa kibovu, nikulipe kwa ajili ya nini?" Nikamwambia anilipe kwa kutoharibu kitu. Tulibishana asubuhi nzima, tukanywa chai mbili, nikaondoka na debe la kahawa na heshima ya kuruhusiwa kugusa kifuniko cha tenki, fundi wa kwanza na wa mwisho.

Kwa hiyo, vijana, gari likizima ghafla na likawaka lenyewe baada ya kupumzika, kabla hujamuuzia mtu pampu, fungua kifuniko cha tenki usikilize. Ukisikia linavuta, umepona. Na mteja akikuambia gari lake analitunza sana, usimpongeze. Kaa chini, umuulize vizuri, na mkewe awe karibu.

Gari lile lipo mpaka leo, kwa sababu halikuuzwa. Siku hizi ni lami mpaka Mbamba Bay, na Baba Devota macho yamemkataa. Anapima oili kwa kunusa na kugusa, na hakosei. Wiki iliyopita Mama Devota alikuja kwangu kwa miguu, amejifunga kitenge, ana miaka sabini na kitu ambayo kila tukihesabu haikubaliani.

"Fundi, nataka unifundishe kuendesha."

"Mama, una wajukuu wenye leseni."

"Wana kazi zao. Kila nikitaka kwenda Liuli nangoja mjukuu apate nafasi, kama nilivyokuwa nangoja lori. Mama yangu amezikwa kule. Nataka niende siku ninayotaka, nikae ninavyotaka, nirudi nikichoka."

"Na Baba Devota anasemaje?"

"Anasema atakaa kando yangu anielekeze njia."

Haoni, vijana. Amesema ataielekeza kwa kuhesabu kona.

Nimekubali, maana sijui namna ya kumkatalia. Tumeanza na gia gari likiwa limezimwa. Klachi anaikanyaga kama anaponda mahindi, lakini usukani anaushika vizuri kuliko wengi wenu. Shida yangu ni hii, na ninyi mnaofundisha udereva naomba mnishauri kweli kweli: nimwanzishie wapi? Uwanja wa mpira hapa mjini ni tambarare, lakini vijana watamcheka, na ninyi hamjui ulimi wake. Njia ya Litembo haina watu wengi, ila ina bodaboda wasiojali na mteremko kila upande. Yeye mwenyewe anataka tuanzie kwenye lami, tukiwa tumeelekea ziwani, na kikapu kiwe tayari nyuma. Nimwambie nini?